Wivu wa Mstaafu: Kobe Mbele ya Kamati

Wiki iliyopita tulimwacha Kobe nje ya mlango wake mwenyewe, mfuko wa vitunguu mkononi, akisikiliza mwanamume akicheka sebuleni na mkewe. Mmeniandikia wengi. Kuna aliyetaka Kobe avunje mlango, na kuna mama mmoja aliyeshauri arudi sokoni akapoze moyo kwanza. Jamani, tulieni. Kobe si mtu wa kuvunja milango. Miaka yake yote katika kikosi cha kupambana na ugaidi hakuvunja hata mmoja. Yeye aliwakalisha watu chini, akawapa maji, akangoja mpaka wafunguke wenyewe. Ndiyo maana wakambatiza Kobe.

Siku hiyo, lakini, aliusukuma mlango kwa bega.

Haukuwa umefungwa. Akaingia kwa kasi, nusura apige mweleka, vitunguu vikatawanyika sakafuni mpaka chini ya kabati la televisheni.

Na kwenye kochi, kochi lake, upande wake, amekaa nani? Suti!

Kama umeianza hadithi leo, nikupe kwa kifupi. Suti ndiye aliyekalia ofisi ya Kobe tangu sheria mpya iteremshe umri wa kustaafu kwa watu wa usalama mpaka hamsini na tano. Kazi alifundishwa na Kobe mwenyewe. Mke wa Kobe naye ndiye mkuu wa kikosi hichohicho. Kazini wanamwita Madamu. Ni mdogo kwa mumewe, sheria haijamfikia. Kwa hiyo kila asubuhi Madamu anavaa, anajipulizia manukato, anakwenda kushinda na Suti. Kobe anabaki na mfuko wa sokoni.

Suti hakuwa na viatu siku hiyo. Miguuni alikuwa na kandambili za bluu. Za Kobe.

Kochi, sawa. Ofisi, serikali imeamua. Lakini kandambili za mtu, jamani?

"Shikamoo, Mzee!" Suti akaruka kusimama.

"Marahaba. Umehamia?"

"Hapana, Mzee. Viatu vimelowa na mvua. Madamu ndiye aliyenipa hizi."

"Baba, mbona unaingia kama polisi?" mkewe akauliza, bado anafuta machozi ya kicheko.

"Mimi ni polisi."

"Ulikuwa," akasema mkewe.

Alilisema kwa utani tu, kama anavyomtania siku zote. Lakini neno hilo lilimwingia Kobe mpaka kwenye mfupa.

"Mlikuwa mnacheka nini?"

Wakatazamana. Kobe aliona walivyotazamana. Mtu aliyelipwa maisha yake yote kutazama macho ya watu hawezi kuacha siku moja kwa sababu amepewa keki ya kuagwa.

"Alikuwa anakuigiza wewe," mkewe akasema. "Unavyowaambia watuhumiwa. 'Kunywa maji kwanza, mwanangu. Mimi sina haraka, hata mshahara wangu hauna haraka.'" Akaangua kicheko tena, akashika mbavu.

Kobe hakucheka. Alikuwa anajiuliza ni lini mara ya mwisho mke wake alishika mbavu namna hiyo kwa sababu yake yeye. Hakukumbuka.

"Mzee," Suti akasema, uso umebadilika, "nimekuja na shida. Fundi hasemi."

Lo! Raha iliyoje! Kobe aliinama kuokota vitunguu ili wasimwone anatabasamu.

Fundi ni yule mtengeneza majokofu aliyekamatwa baada ya bomu kulipuka kwenye stoo moja na kumuua mlinzi. Bomu la pili linasemekana lipo, limefichwa mahali, na Fundi anapajua. Kobe alikuwa amemhoji kwa wiki kadhaa. Alikwisha kumfikisha pale ambapo mtu huanza kulia kabla ya kusema. Ndipo siku ya kustaafu ikafika. Bomu halikuulizwa kama liko tayari kungoja.

"Umempa maji?" Kobe akauliza.

"Nimempa. Ameyatazama tu."

Hapa ni lazima nieleze, maana hili ni jambo la watu wa kikosi kile peke yao. Kwao, aliyempa mtuhumiwa maji ya kwanza ndiye mwenye neno naye mpaka mwisho. Mwingine hasemi naye kitu. Ikibidi abadilishwe, anayeondoka anaingia na anayekuja, wanakunywa maji pamoja mbele ya mtuhumiwa, na yule wa zamani anasema, "Huyu ni mimi." Basi. Kobe ndiye aliyeuanzisha utaratibu huo. Na Kobe ndiye aliyeuvunja. Siku ya kuondoka alimwambia Suti kwamba kichwa kinamuuma, akaingia kwa Fundi peke yake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Alisema nini humo ndani? Tutafika.

"Mzee, nakuomba," Suti akasema. "Uingie na mimi mara moja tu. Ukae, unywe maji, useme lile neno. Nitabaki na yeye mimi."

"Mimi ni mstaafu."

"Nusu saa tu, Mzee."

"Sheria imesema nimechoka. Kichwa changu hakifanyi kazi tena, wabunge wamekaa wakapiga kura. Wewe ni nani uwapinge?"

"Baba!" mkewe akakemea.

"Mzee, kuna jambo jingine hulijui," Suti akasema haraka. "Mama yake Fundi—"

"Suti." Madamu alilitamka jina lake taratibu. "Mvua imekatika."

Suti akafunga mdomo. Akavua kandambili, akavaa viatu vyake vilivyolowa, akaaga.

Wewe msomaji ungejiuliza mama yake Fundi kafanywa nini. Mimi pia. Kobe alijiuliza kitu kimoja tu: kwa nini mke wangu akilitaja jina moja, mwanamume mzima ananywea? Wivu ukishapanda kichwani, masikio hayafanyi kazi. Kandambili zile alizitupa kwenye pipa la taka siku hiyohiyo.

*

Asubuhi iliyofuata Kobe alikwenda kinyozi. Keshokutwa yake alikuwa anaitwa na kamati ya bunge, na alitaka akae mbele ya watu ana shingo safi.

Kamati ilikuwa inapokea maoni kuhusu sheria hiyo ya kustaafu: je, wataalamu wachache wabakizwe kazini baada ya hamsini na tano, au waende wote? Kwenye redio ya kinyozi wasikilizaji walikuwa wanarushiana maneno.

"Wazee waondoke!" mmoja alipiga simu. "Vyeti vyetu vimechakaa kabatini, wao wameng'ang'ania viti!"

"Huyo akiibiwa simu atakwenda kumtafuta askari mzee," kinyozi akasema, akampuliza Kobe nywele shingoni.

Mlango ukafunguka, akaingia Dereva. Huyu ameendesha magari ya kikosi tangu ana nywele. Alipomwona Kobe alisita, akataka kurudi nje.

"Unanikimbia?" Kobe akauliza.

"Nani akukimbie, Mzee." Dereva akakaa benchi, akazungusha funguo kidoleni. Kobe hakumuuliza kitu. Aliacha tu kimya kikae. Kimya cha Kobe kimewashinda watu wagumu kuliko Dereva.

"Nimembeba jana," Dereva akasema mwishowe, sauti ya chini. "Mama yake Fundi. Wamemweka kwenye ile nyumba ya wageni ya kikosi. Miguu imevimba, Mzee. Sindano zake za sukari zimebaki nyumbani, hakuruhusiwa kuzichukua. Wanasema Fundi akisema, ndipo atapewa."

Kobe alisimama na kitambaa cha kinyozi shingoni.

Maana alikuwa amemwahidi Fundi. Kwa mdomo wake, mkono juu ya mkono wa Fundi: "Mama yako hataguswa. Akiguswa, mimi si mtu." Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa imeanza kumfungua kijana wa watu. Na mama yule anaishi kwa sindano. Asipoipata, siku chache tu zinatosha.

"Nani aliyekutuma?"

"Amri imetoka juu."

"Juu kwa nani?"

"Mzee, mimi ni dereva. Mimi naangalia barabara."

Na Kobe akaishia hapo! Mtu aliyewahoji magaidi, aliyeweza kukaa asubuhi nzima juu ya neno moja, hapa hakuuliza swali la pili. Kwa nini aulize? Jibu alikuwa nalo tayari, limevaa tai na lina viatu vilivyolowa. Suti! Nani mwingine?

Ukweli niuseme. Kobe aliumia kwa ajili ya yule mama. Aliumia sana. Lakini chini ya maumivu yale kulikuwa na kafuraha kadogo, kamejikunja. Sasa nimempata, kalisema. Sasa watajua ni nani waliyemweka mahali pangu. Sasa na yeye mke wangu atajua.

Akarudi nyumbani nywele zimenyolewa upande mmoja.

*

Jioni Madamu alirudi, akaingia bafuni na simu. Kobe alikuwa chumbani anapiga pasi shati lake la kamati. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye beseni, lakini maneno yalipenya.

"Hapana, Suti. Usimwambie Mzee. Nimesema usimwambie. Hilo niachie mimi."

Pasi ikabaki mahali pamoja. Shati likaanza kutoa moshi.

Mkewe alipotoka alikuta kola ina alama ya kahawia. "Baba! Unawaza nini?"

"Nilikuwa nakusikiliza unavyooga."

Madamu akakaa kitandani. Alionekana amechoka, macho yameingia ndani. Kobe aliliona hilo, akalielewa alivyotaka kulielewa.

"Keshokutwa kwenye kamati," akasema mkewe, "zungumzia kustaafu tu. Mambo ya kazi usiyaguse. Kikao kitarushwa redioni moja kwa moja."

"Unamlinda?"

"Nani?"

"Unamjua."

"Nilidhani ukistaafu nitapata mume nyumbani," akasema. "Nimepata mpelelezi."

"Na mimi nilidhani nikistaafu nitapata mke."

Hawakusemeshana tena mpaka siku ya kamati. Kila mmoja alikunywa chai yake akiwa amesimama.

*

Ukumbi wa bunge una korido ndefu yenye zulia jekundu lililopauka katikati, pale watu wanapopita zaidi. Kobe alifika mapema. Alikuwa amevaa shati jingine. Suti alikuwa anamsubiri karibu na mlango.

"Mzee, neno moja."

"Utalisikia langu humo ndani."

"Fundi amesema jana. Sentensi moja tu." Suti akamsogelea. "Amesema, 'Mzee aliniambia nisimwamini atakayekuja baada yake.' Ni kweli? Ulimwambia hivyo?"

Sasa tumefika.

Ndiyo. Alimwambia. Siku ile ya mwisho, kichwa hakikuwa kinamuuma hata kidogo. Nje walikuwa wanakata keki, na Kobe alikuwa ameona kupitia kioo cha mlango jinsi mkewe alivyomlisha Suti kipande cha kwanza, kwa mkono wake, watu wote wakipiga makofi. Ilikuwa desturi tu ya ofisini, kumkaribisha mkuu mpya wa mahojiano. Lakini Kobe alishuka kwa Fundi na kipande hicho kimemkwama yeye kooni, akasema aliyoyasema. Hakufikiria bomu. Hakufikiria mama wa mtu. Alifikiria keki.

"Wewe umemchukua mama yake," Kobe akasema badala ya kujibu.

Suti alishtuka. "Nani amekuambia?"

Hakukanusha! Kobe alikishika hicho. Hakukanusha.

"Mama wa watu, mgonjwa! Nilikufundisha hivyo mimi?"

"Mzee, tunabanwa. Waziri anapiga simu kutwa. Kuna bomu mahali, na mtu anayejua lilipo ameziba mdomo kwa sababu..." Suti akajizuia. Akasema polepole, "Kwa sababu aliyemwamini alimwambia azibe."

Hapo Kobe angeweza kusema samahani. Neno dogo tu, na hadithi yangu ingeisha leo. Lakini mlango ulifunguka, karani akaita, na kwa mbali, mwanzo wa korido, Madamu alikuwa anakuja amevaa lile gauni la kijani ambalo Kobe alimnunulia yeye. Akafika, akasimama katikati yao. Akamrekebishia tai. Nani? Suti!

"Tai imepinda," akasema.

Samahani ikafia hapohapo kooni.

*

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kushuka, asiyependa maneno mengi. Kobe aliapishwa, akakaa, akasogezewa kipaza sauti. Nyuma yake, safu ya kwanza, walikaa Madamu na Suti, bega kwa bega kwa sababu viti vilikuwa vichache.

"Mzee," Mwenyekiti akaanza, "kwa nini tukubakize kazini na vijana wapo?"

"Kwa sababu kazi yetu ni kumjua mwongo, Mheshimiwa. Hiyo haifundishwi darasani. Unaijua baada ya kudanganywa mara nyingi sana."

Watu wakacheka. Mbunge kijana mwenye kichwa kilichong'arishwa akainua mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu mzee anatafuta ajira yake tu. Sisi huko nje tuna vijana wamesoma saikolojia, wamesoma kompyuta. Wakae barazani mpaka lini? Mpaka wazee wachoke kudanganywa?"

Kicheko tena, safari hii si upande wa Kobe.

"Nikuulize, Mzee," yule mbunge akaendelea, ameonja ushindi. "Una mtuhumiwa. Bomu lipo. Hasemi. Utampa maji mpaka lini?"

"Mpaka aseme."

"Na bomu likiwa chini ya kiti changu hiki?"

"Nitakuhamisha kiti, Mheshimiwa."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Hata Mwenyekiti aliuma midomo. Na nyuma yake Kobe alisikia kicheko anachokijua kuliko vyote duniani, cha kushika mbavu. Mke wake! Alicheka kwa sababu yake yeye! Kwa sekunde ile Kobe alikuwa mtu mwenye furaha. Akageuka amwone.

Madamu alikuwa anacheka kweli. Na ameegemea bega la Suti.

Basi tena. Kobe aligeukia kipaza sauti, na yote aliyoombwa asiyaseme aliyasema.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mnabishana umri. Hebu niwaambie haraka ya hao vijana inafanya nini. Hivi sasa, mnavyonisikiliza, kuna mama mmoja mgonjwa wa sukari amefungiwa kwenye nyumba ya kikosi. Hajafanya kosa lolote. Kosa lake ni kuzaa. Amenyimwa sindano ili mwanawe aseme. Huyo mwanawe akisema, mnadhani atasema kweli? Atataja lolote ili mama apone! Atawapa mtaa wowote, nyumba yoyote. Mtavunja milango ya watu waliolala na watoto wao, na bomu litabaki palepale lilipo!"

Hakuna aliyecheka. Mwandishi mmoja wa habari aliangusha kalamu.

"Mama huyo ana hali gani?" Mwenyekiti akauliza.

"Sijui. Leo ni siku ya nne hana dawa. Kila dakika tunayokaa hapa ni yake."

"Na nani aliyetoa amri hiyo?"

Kobe alivuta pumzi. Hii ndiyo dakika aliyoipigia pasi shati mara mbili.

"Yupo humu ndani, Mheshimiwa. Ni huyu bwana aliyevaa suti, aliyewekwa mahali pangu."

Kelele! Kamera zikageuka zote. Mwenyekiti akagonga meza.

"Bwana, simama. Unakubali kwamba wewe ndiye—"

"Ni mimi," Suti akasema. "Ni mimi peke yangu. Hakuna mwingine anayehusika."

Kobe alitarajia kusikia utamu. Ajabu ni kwamba haukuja.

Kwani Suti alijibu kabla swali halijafika mwisho. Mtu anayesema kweli hungoja, huwaza, hukumbuka. Tena "peke yangu", "hakuna mwingine". Nani alikuwa amemuuliza habari za mwingine? Kobe mwenyewe ndiye aliyemfundisha Suti, ubaoni, kwa chaki: mtu akimwondolea lawama mtu ambaye hukumtaja, mtafute huyo.

Amri imetoka juu, Dereva alisema. Na juu ya Suti, katika kikosi chote kile, kuna mtu mmoja tu.

Kobe aligeuka taratibu. Madamu alikuwa ameinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa imekunja kitambaa cha gauni la kijani, inakisokota, inakisokota. Miaka yote ya ndoa yao Kobe hakuwahi kumhoji mkewe. Hakuhitaji leo.

"Bwana huyu asimamishwe kazi mara moja, achukuliwe maelezo," Mwenyekiti alikuwa anasema. Kisha akatulia, akavua miwani. "Lakini ngoja. Mzee, umetuambia kwamba kazi yako ni kumjua mwongo, na kwa hilo unataka tubadilishe sheria ya nchi. Basi tuonyeshe. Huyu bwana amesema kweli, au amedanganya?"

Loo, swali hilo!

Fikiria mwenyewe. Aseme "kweli", na yote yamekwisha. Suti anaondoka, tai na yote. Ofisi inabaki wazi. Mkewe anabaki salama, anabaki wake, na hakuna atakayejua. Neno moja tu, na wivu wake umelipwa mpaka senti ya mwisho.

Ila Suti akiondoka, amri ya kumwachia yule mama ataitoa nani? Haikuwa yake. Hana uwezo wa kuifuta. Watamhoji Suti leo, watamhoji kesho, na mama anaoza miguu kwenye kitanda cha wageni, kwa ajili ya kipande cha keki.

"Mzee? Tunakusubiri."

"Anadanganya," Kobe akasema. Akakisogeza kipaza sauti, akarudia. "Anadanganya, Mheshimiwa. Na kama Fundi hasemi, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia asimwamini. Kwa wivu wangu. Muandike hivyo."

"Anamkinga nani?"

Kobe alisukuma kipaza sauti pembeni.

"Ananikinga mimi."

Madamu alikuwa amesimama. Alisema huku anamtazama mumewe, si Mwenyekiti. "Amri ni yangu. Suti aliipinga tangu mwanzo, akaja mpaka nyumbani kwangu kunibembeleza, nikamziba mdomo nisije nikaonekana mbaya mbele ya mume wangu." Akatoa simu mkobani, hakuomba ruhusa ya mtu, akapiga. "Dereva? Mpeleke mama hospitali. Sasa hivi. Pitia kwake umchukulie sindano zake. Ndiyo, ni mimi ninayesema, na redio nzima inanisikia."

Akakata. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta.

Mwenyekiti alimtazama Madamu, akamtazama Suti, akarudi kwa Madamu. Alikuwa mwanamke mtu mzima, na kuna mambo ambayo wanawake watu wazima huyanusa haraka.

"Bwana," akamwambia Suti, "ulikuwa tayari kufungwa kwa kosa ulilolipinga. Kwa nini? Huyu mkuu wako ni nani kwako?"

Kobe aligeuka na kiti chake chote. Ndilo swali lile! Ndilo alilolilaza na kuliamsha tangu siku ya keki, asilothubutu kumuuliza mtu yeyote. Sasa limeulizwa na serikali, mbele ya kamera, mke wake akiwa amesimama pale katika gauni la kijani.

Madamu alitikisa kichwa kidogo sana, kumwambia Suti hapana.

Suti hakumtii. Alilegeza tai aliyorekebishiwa koridoni, akapita mbele ya meza ya wabunge, akaja akasimama mbele ya Kobe, karibu kabisa.

"Naomba nimjibu Mzee mwenyewe," akasema. "Si nyinyi."

Na Kobe, aliyeweza kukaa wiki nzima kungoja mtu aseme, safari hii aliomba kwa moyo wake wote huyu mmoja anyamaze.